Kidude cha moshi kinalia usiku kucha: maswali yenu na majibu ya fundi

Asalaam aleikum wasomaji wetu wa Unguja na Pemba. Safari hii meseji nyingi zilizoingia zinahusu alamu za moshi, vile vidude vya duara vyeupe vinavyobandikwa kwenye silingi. Naona nyumba nyingi mpya za kupangisha zinakuja navyo vishafungwa, lakini anayekabidhiwa ufunguo haambiwi vinafanya nini wala vinataka nini, basi vikianza kulia mtu anachukua ngazi na kuving'oa. Hilo la kuving'oa ndilo linalonitia wasiwasi kuliko jengine lolote, ndo maana ukurasa wote nimeupa hivi vidude.

*Fundi salaam. Mie nimepanga flati huku Fumba, ukumbini kuna kidude cha moshi kinalia ti! mara moja kinanyamaza, baada ya kama dakika kinalia tena. Mchana sio sana lakini usiku wallahi hatulali, nina mtoto mchanga anaamka kila saa. Mume wangu kanunua betri duka la jirani kabadilisha, kikatulia kidogo halafu kikaanza upya. Sasa anasema anaking'oa kabisa atie kwenye droo. Nifanyeje?*
Mama wa mtoto mchanga, Fumba

Wa aleikum salaam bibie, pole sana na huo usingizi. Kwanza kabisa mwambie bwana asubiri, asiking'oe, kwa sababu hicho kidude hakijaharibika, kinakwambieni kitu na mkikijua kitanyamaza chenyewe.

Mlio wa ti mmoja halafu kimya sekunde 30 au dakika nzima, halafu ti tena, huo sio mlio wa moshi. Hapo kidude kinajisemea chenyewe, aidha betri inaisha, au haikukaa vizuri, au kina vumbi ndani au umri wake ushapita. Moshi wa kweli kinalia kwa nguvu mpaka masikio yanauma, kwa vingi ni mara tatu kinapumzika kidogo, mara tatu tena kinapumzika, wala hakiachi. Ukiusikia huo wa tatu tatu usianze kutafuta ngazi wala betri, mbebe mtoto utoke nje kwanza mengine baadaye.

Sasa kwa nini usiku. Betri iliyochoka ikipoa nguvu yake inashuka zaidi, na wengi wetu AC tunawasha wakati wa kulala, chumba kikipoa ile betri ambayo mchana ilikuwa inajikongoja inateremka chini ya kiwango ambacho kidude kinakitaka, ndo kinaanza kulia saa nane za usiku. Asubuhi jua likipiga dirishani nyumba inapata joto, betri inajikusanya tena kidogo, kinanyamaza, na watu wanasema ah kishapona. Hakijapona, usiku utasikia tena.

Mume wako kabadilisha betri na bado, hapo sishangai. Vingi vya aina hii vinatumia ile betri ya mraba ya volti 9, na madukani kwetu ziko za namna mbili zinafanana umbo. Iko ya bei rahisi imeandikwa Heavy Duty, mtu akiona maneno hayo anadhani ndo yenye nguvu, kumbe ndo inayochoka mapema, hiyo ni ya kaboni na zinki na kwa kidude cha moshi haifai. Nyengine imeandikwa Alkaline, hiyo ndiyo uitafute, au ya lithium ukiipata. Halafu tazama tarehe kwenye paketi yake maana betri iliyokaa dukani muda mrefu kwenye joto letu hili inaweza kuwa ishachoka kabla haijauzwa. Kama jirani ana fundi mwenye mita ya kupimia mpeni aipime, alkaline mpya ya volti 9 inasoma zaidi ya 9, mara nyingi 9 na nusu hivi, ikisoma chini ya 9 mrudishieni mwenye duka. Na za kuchaji msitie humo, zinashuka ghafla bila kukupa muda wa kujua.

Kabla ya kutia hiyo mpya, toa ya zamani, halafu bonyeza kile kitufe cha kujaribia ushikilie kama sekunde 15 mpaka 20. Ndani kuna umeme kidogo unabaki hata betri ikiwa nje, na usipoumaliza kidude kinaweza kuendelea kulia kwa kumbukumbu ya ile betri mbovu, hii wengi hawaijui wanabadilisha betri tatu nne bure. Tazama pia zile chuma ambazo betri inashikana nazo. Nyie mko karibu na bahari, upepo wa chumvi unaingia kila pahala, ukiona ukijani au ukutu pangusa kwa kitambaa kikavu au kifutio cha penseli cha watoto wa skuli. Halafu utie betri usikie imekaa na kifuniko kifungwe mpaka mwisho, kikibaki wazi hata uwembamba wa ukucha kitalia.

Bado kinalia? Kigeuzeni mgongoni. Kuna tarehe ya kutengenezwa imeandikwa, sio ya kununuliwa. Vidude hivi umri wake ni miaka 10, ikishafika hata utie betri ya dhahabu kitaendelea na ti yake kwa sababu kinadai kibadilishwe chote. Viko vyengine betri yake imezibwa ndani haitoki, hivyo navyo vikianza ti ni kununua kingine, usivivunje kuitafuta.

Na ukikigeuza ukakuta waya unatoka kwenye silingi unaingia mgongoni, basi hicho kinakula umeme wa nyumba na betri ni ya akiba tu. Hapo usishike kitu mpaka ushazima swichi yake kwenye boksi la breka. Vya namna hii vina taa ndogo, mara nyingi ya kijani, ikiwa haiwaki ina maana umeme haufiki, labda ulipokatika na kurudi breka ikaanguka na hakuna aliyeiona maana hakuna taa nyengine inayotegemea breka hiyo, basi kidude kinaila betri usiku na mchana mpaka inakwisha. Hii nimeikuta sana kwenye flati mpya. Kama breka iko sawa na taa haiwaki, mwiteni mwenye nyumba alete fundi wake, hilo ni jukumu lake si lenu.

La mwisho kwako ni vumbi. Huko mliko bado kunajengwa, vumbi la saruji linaruka, linaingia kwenye vitundu vya ubavuni, na wadudu nao, chungu wadogo na buibui, wanapenda sana kujificha humo. Vifagie vitundu kwa brashi laini au mashine ya kuvuta vumbi. Usipulizie dawa ya mbu karibu yake na mafundi rangi wakija wasikipake. Ukimaliza yote bonyeza kitufe cha kujaribia, kikilia kwa nguvu ndo kizima, na ufanye hivyo kila mwezi.

Nikirudi kwa bwana. Mwambie hivi: nyumba zetu madirisha yana grili, mlango wa nje una makomeo na funguo, na usiku tunafunga vyote. Moto wa usiku mara nyingi mtu haumuwahi kwa miali, unamuwahi kwa moshi, na moshi haumuamshi mtu, unamzidishia usingizi. Kile kidude ndicho pekee kinachokaa macho. Na hizo funguo za grili ziwekwe pahala pamoja ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapafikia gizani.

*Mbona mie nimetoa betri kabisa na bado nasikia tii tii ndani ya nyumba?*
Msomaji, Kwahani

Kwa sababu sio hicho kinacholia. Sauti nyembamba kama hiyo inazunguka kwenye kuta huwezi kujua inatoka wapi. Nenda kasikilize mita yako ya Tukuza, mita za kulipia kabla nyingi zinalia yuniti zikikaribia kwisha, halafu UPS ya kompyuta (lile boksi la betri ya akiba), inveta ya sola na friza. Kaa chini ya kila kimoja dakika mbili tatu kimya bila feni. Na betri uirudishe leo leo.

*Fundi, nna gesti ndogo Malindi, nyumba ya zamani ya ghorofa. Kila chumba kina kidude cha moshi. Kuna mlio mdogo haukatiki kutwa kucha na wageni wananiandikia vibaya. Nimevifungua vyote sikuona pahala pa betri hata kimoja.*
Mwenye gesti, Mji Mkongwe

Hutapaona ndugu yangu, vyako havina betri. Vya mahoteli na magesti mara nyingi vimeungwa kwa waya mpaka kwenye boksi moja kubwa, panel, nayo labda iko chini karibu na mapokezi au nyuma ya mlango wa stoo. Vidude vyenyewe havilii, vinapeleka habari tu, anayelia ni hilo boksi. Lifuate. Utakuta taa ya manjano inawaka penye neno Fault, yaani hitilafu, na pengine imeandikwa ni chumba gani au ni umeme.

Sababu kubwa ninayoikuta ni betri za ndani ya boksi, zipo mbili za volti 12 zimeungwa pamoja, ni za madini ya risasi kama ya gari lakini ndogo. Zinadumu miaka kama minne, na kwa joto la stoo isiyo na dirisha zinawahi kufa. Wenye biashara wengi hawazikumbuki mpaka umeme ukatike. Na sisi wenyewe tunajua umeme ukiondoka unaweza kuondoka kweli, Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima ilikaa gizani waya wa baharini kutoka bara ulipoharibika. Betri hizo kazi yake ni kushika kama siku nzima hivi, sio miezi, lakini lile la kukatika usiku mmoja ziwe na uwezo nalo.

Sababu ya pili ni mgeni aliyetaka kuvuta sigara chumbani akakizungusha kidude akakitoa, boksi linaona kimoja hakipo linaanza kulia. Ya tatu ni zile kofia za plastiki ambazo mafundi wanavivisha wakati wa kupaka rangi wakasahau kuzitoa. Ukiona kidude kina kofia nyekundu au ya manjano kiko kipofu, kivue.

Kuna kitufe cha kunyamazisha mlio wa boksi, bonyeza wageni walale, lakini taa ya manjano itabaki na wewe usiizoee. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na uzuri wake ndo huo huo hatari yake, dari za boriti za mikoko, sakafu na ngazi za mbao, milango ya mbao, nyumba zimeegemeana ukuta kwa ukuta na vichochoro ambavyo gari ya zimamoto haipiti. Moto ukianza kwako dakika za mwanzo ni zako wewe na jirani zako. Fundi wa mambo haya aje mara mbili kwa mwaka akague, na mlinzi wa usiku umfundishe kusoma boksi, asijue kunyamazisha tu. Na mgeni anapofika umuoneshe njia ya kutokea kama unavyomuonesha bafu.

*Kila Ijumaa tukifukiza udi kile kidude kinapiga kelele nyumba nzima, na tukikaanga samaki vilevile. Bibi harusi alikuja na watu wake wakakimbia. Nikitoe au nikisogeze?*
Shangazi wa Bububu

Shikamoo shangazi. Usikitoe, kisogeze. Moshi wa udi na ubani ni moshi kweli, kidude hakijui kama ni wa heri, kinaona chembe tu. Ndani yake kuna njia mbili za kuziona. Cha kwanza kina mwanga mdogo na jicho la pembeni, moshi ukiingia mwanga unatawanyika unalipiga lile jicho kinalia. Cha pili kina punje ndogo mno ya americium-241, metali yenye mionzi, inapitisha umeme hewani na moshi ukiingia umeme unapungua. Hiki cha pili ndicho kinachosumbuliwa zaidi na mafuta ya kukaangia, cha mwanga kinautambua vizuri zaidi moshi mzito wa godoro au nguo inayoungua taratibu bila miali. Kwa nyumba ya familia mie nashauri cha mwanga, kwenye boksi utaona neno Optical au Photoelectric. Hicho cha americium hakina madhara kikiwa kizima juu, ila msikipasue wala msikitie kwenye taka za kuchoma.

Kikae kwenye silingi ya ukumbi au koridoo ya vyumba vya kulala, mita tatu au zaidi kutoka mlango wa jiko, mbali na mlango wa bafu kwa sababu ya mvuke, kama sentimita 30 kutoka ukutani, na kisiwe karibu na feni maana upepo wake utausukuma moshi kabla haujafika. Jikoni kuna cha joto, hakijali moshi wa samaki wala maandazi, kinasubiri joto la hapo juu lifike nyuzi 57 au 58 hivi.

Siku ya kufukiza, chetezo kiwekwe karibu na dirisha lililo wazi, sio chini ya kidude. Vingi vina kitufe cha kukituliza, unabonyeza kinapumzika dakika kama kumi halafu kinarudi kazini chenyewe. Kukivisha mfuko wa plastiki, jambo ambalo nimeliona nyumba nyingi, ndo hatari, maana shughuli inakwisha, watu wanaondoka, makaa ya chetezo bado yana moto, na mfuko umebaki pale pale.

*Kaka yangu yuko Marekani kaniletea alamu nne za kuunga kwenye umeme. Niunge tu?*
Msomaji, Wete

Usiunge ndugu yangu. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120, kwetu ni 230, ukiziunga zitaungua siku hiyo hiyo na zenyewe zinaweza kuwa ndo chanzo cha moto. Soma mgongoni, ikiwa imeandikwa 120V tu zirudi. Mwambie akija tena alete za betri peke yake, hizo zinafanya kazi popote.

*Mvua za masika tunapika kwa jiko la mkaa ndani, na jiko likishatulia moshi hakuna tunaliacha chumbani liwape joto watoto. Alamu ya moshi itatuambia kama kuna ubaya?*
Baba wa watoto, Chake Chake

Haitakuambieni, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, anadhani ni homa akalala, na haamki. Dalili kubwa ni watu wawili watatu wa chumba kimoja kuumwa kichwa pamoja. Ikitokea hivyo toeni wote nje kwenye hewa halafu hospitali, msilale mkisubiri kuche. Jenereta nayo ni hivyo hivyo, kuiweka kibarazani chini ya dirisha mvua ikinyesha ni sawa na kuiweka ndani.

Alamu ya gesi hiyo ni kidude kingine mbali, nje kimeandikwa Carbon Monoxide au CO, nacho mlio wake wa hatari ni mara nne mara nne. Viko vinavyochanganya vyote viwili. Lakini hata ukikipata jiko lisilale chumbani na watoto. Pikieni ukumbini milango na madirisha yakiwa wazi ikibidi, na mkimaliza jiko litoke nje, watoto wapeni shuka nzito.

*Bibi yangu ana miaka themanini na kitu, analala peke yake chumba cha nyuma. Tulijaribu alamu hakuisikia kabisa, sisi tuliziba masikio. Iko aina kwa watu kama yeye?*
Mjukuu, Kikwajuni

Vizuri sana kwamba mlijaribu akiwa chumbani mwake, watu hawafanyi hivyo. Alamu za kawaida zinalia kwa sauti nyembamba sana, kama hezi 3,000 (hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde), na masikio ya mtu mzima sauti nyembamba ndo za mwanzo kupotea. Kwa hiyo kuongeza kelele hakusaidii, kunasaidia kuifanya sauti iwe nene. Zipo alamu zenye sauti nene ya hezi 520, zinawaamsha wazee na wenye usikivu mdogo vizuri zaidi, na zipo zenye taa kali inayopiga na kisahani cha kuweka chini ya mto kinachotikisika. Hapa visiwani sio rahisi kuziona dukani, mwenye mtu Uingereza amuagize na amwambie neno hilo la 520 Hz.

Wakati mnangoja, nunueni zile zinazoungana zenyewe bila waya, kimoja kikisikia moshi vyote vinalia, kimoja kiwe chumbani kwa bibi na kimoja chumbani kwa mtu kijana anayelala karibu yake, na mkubaliane kabisa kwamba huyo ndiye anayekwenda kumchukua. Mlango wa bibi usifungwe kwa ufunguo ndani. Kama anatumia fimbo au miwani viwe pembeni ya kitanda, na mpitishe mara moja usiku taa zikiwa zimezimwa kutoka kitandani mpaka barazani muone anachukua muda gani.